Zanzibar ilikuwa na gari moshi, na stesheni yake ya mjini ni Ngome Kongwe (uzi mrefu)

mtu_wa_malindi (mwanzisha uzi)

Assalam aleikum wadau. Kwenye ule uzi wa SGR (reli mpya ya Bara) nimeona watu wanaandika kwamba Zanzibar haijawahi kuwa na treni hata siku moja, na wengine wanaoandika hivyo ni Wazanzibari wenzangu kabisa, sasa mie nimeshindwa kunyamaza. Treni ilikuwepo. Tena Zanzibar ilipata reli kabla ya Tanga, kabla ya Mombasa, kabla ya Dar. Na stesheni ya mjini kila mmoja wenu ameshaikanyaga, maana ni Ngome Kongwe hiyohiyo ya Forodhani, hapo mnapoingia na tiketi ya tamasha la muziki la Sauti za Busara kila Februari.

Nianze na reli ya kwanza maana zilikuwa mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya Seyyid Barghash, yule aliyetawala 1870 mpaka 1888, aliyejenga lile jumba la Beit al Ajaib. Huyu bwana alikuwa mpenzi wa vitu vipya, ndiye aliyeleta maji ya bomba mjini kutoka chemchem za huko Bububu (Bububu iko kaskazini ya mji, mtaisikia sana humu, ishikeni), akajenga na reli ndogo nyembamba ya futi 2 toka mjini mpaka kwenye jumba lake la Chukwani, maili kama 7. Mwanzo mabehewa yalikuwa yanavutwa na nyumbu (wale chotara wa punda na farasi). Mwaka 1881 akaagiza kichwa cha treni Uingereza kwa watengenezaji wanaoitwa Bagnall, kainjini kadogo ka magurudumu manne, na hako ndiko kakafanya kazi mpaka alipofariki 1888. Alipofariki na reli ikafa, vyuma vikang'olewa. Sasa fanyeni hesabu wenyewe, reli ya Tanga imeanza kujengwa miaka ya 1890, ya Mombasa 1896, ya Dar 1905. Hata kama ilikuwa ya mfalme na jamaa zake lakini ni treni.

Ya pili ndiyo hasa nnayotaka kuisema kwa sababu ile ilikuwa ya watu. Mwaka 1905 kampuni ya Wamarekani, Arnold Cheney, hawa walikuwa wanunuzi wa pembe za ndovu wenye ofisi New York, walimaliza kujenga reli toka Ngome mpaka Bububu, tena maili 7, safari hii futi 3 upana. Kwa hiyo Zanzibar ilikuwa na treni ya abiria inayotoka katikati ya mji kwenda shamba na kurudi mchana kutwa wakati Dar ndio kwanza wanaanza kutandika mataruma kwenda Morogoro. Walioipanda wengi ni watu wa kawaida, wa mjini na wa shamba. Na kulikuwa na behewa maalum la daraja la kwanza kwa ajili ya abiria wa meli, wale waliokuwa wakitia nanga masaa machache tu njiani kwenda zao, wanashushwa na mashua Forodhani, wanavuka hatua chache, Ngome hii hapa, wanapanda wakaone mikarafuu na minazi, wanarudi, meli inaondoka. Yaani utalii wa siku moja tunaoufanya leo na ma-cruise ship ulikuwepo zaidi ya miaka 100 iliyopita, tena kwa treni.

Mwaka 1911 serikali ikainunua reli toka kwa Wamarekani. 1922 ikafungwa kwa abiria. Ikabakia kubeba mawe ya kujengea bandari mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920, halafu basi, reli ikang'olewa na sehemu ya njia yake ikageuzwa barabara ya gari. Ndo ikaisha.

Kinachoniuma si kwamba imekufa, reli nyingi zimekufa duniani. Kinachoniuma ni kwamba ukiingia Ngome leo hakuna pahala pameandikwa kitu cha maana kuhusu treni. Wareno utaambiwa, Waomani utaambiwa, jela utaambiwa. Miaka 17 ya abiria haipo. Mie nataka kibao, ndugu zangu. Kibao tu cha ukutani pale mlangoni, na kingine Bububu.

---

pugu_road

Uzi mtamu mkuu, heshima kwako. Mimi ni mtu wa Dar na hii sikuwahi kuisikia shuleni hata mara moja, tulisoma reli ya kati na reli ya Tanga na TAZARA basi. Swali langu, sasa treni ya mjini yenye abiria wake kila siku inakufaje ndani ya miaka 17? Sisi huku tulisubiri mpaka 2012 kupata treni ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule, Stesheni mpaka Ubungo na ile ya TAZARA mpaka Mwakanga, na pamoja na ubovu wake wote watu walikuwa wananing'inia mlangoni. Nyie mlikuwa nayo 1905 mkaiacha?

---

mtu_wa_malindi

@pugu_road swali zuri hilo. Jibu fupi ni barabara. Miaka ya 1910 kwenda 1920 serikali ya wakati ule ilitia nguvu nyingi kwenye barabara za lami na za mawe, magari yakaanza kuingia, na gari unajua tena, linakufuata mpaka mlangoni kwako. Kisha angalia urefu wenyewe, maili 7 ni kama kilomita 11, treni inaishia Bububu na mashamba makubwa ya karafuu yako mbele zaidi huko kaskazini na kati ya kisiwa. Kwa hiyo mwenye gunia zake za karafuu huko juu atazipakia kwa punda au gari ya ng'ombe mpaka Bububu, azishushe, azipakie kwenye treni, azishushe tena mjini? Mwenye lori anazibeba safari moja mpaka bandarini. Kwa maoni yangu reli hii iliuliwa na ufupi wake. Ingefika Mkokotoni kule kaskazini tungekuwa tunazungumza mengine.

Halafu mjini kwenyewe njia ilikuwa finyu. Tafuteni zile kadi-posta za zamani, zipo nyingi mtandaoni, mtaona reli imelala katikati ya mtaa, nyumba huku na nyumba huku, mabaraza ya watu yako pale pale ubavuni mwa reli. Mtu amekaa barazani kwake anakunywa kahawa na treni inapita hapo, wallahi ukinyoosha mkono unaligusa behewa. Huwezi kuongeza njia ya pili pale, huwezi kuongeza mwendo. Mitaa ya Mji Mkongwe ilijengwa kwa ajili ya mtu na punda.

---

kibaraza_mkunazini

Samahani sheikh mie napinga kidogo. Nilivyosoma mie Ngome ilikuwa stoo ya vifaa vya kujengea reli, sio stesheni. Usije ukawa unaweka kibao pahala pasipo pake.

---

mtu_wa_malindi

@kibaraza_mkunazini umesema kweli na mie nimesema kweli. Wakati wa ujenzi vyuma na vifaa viliwekwa Ngome, pale ndo ilikuwa depo. Na reli ilipokamilika mwisho wake wa upande wa mjini ulikuwa pale pale Ngome, treni zinaanzia hapo na kuishia hapo. Mambo mawili hayapingani, hata Dar depo na stesheni zilikaa pamoja miaka yote.

Na ukiitazama historia ya lile jengo haishangazi. Waomani wamelijenga mwanzoni mwa miaka ya 1700 baada ya kuwafukuza Wareno, pahala palipokuwa na kanisa la Wareno. Karne ya 19 likawa jela. Likaja kuwa la reli. Mwaka 1949 likawa klabu ya wanawake ya kuchezea tenisi. Baadaye ndo wakalikarabati wakatia yale majukwaa ya mawe, likaja tamasha la filamu la ZIFF, ikaja Busara. Kila kizazi kimeingia mle ndani kikafanya yake, na kila kizazi kimetajwa isipokuwa hiki cha reli.

---

dada_wa_forodhani

Naomba niseme na mimi kwa sababu hii ndo kazi yangu, natembeza wageni Mji Mkongwe. Mwanzisha uzi hajakosea. Pale Ngome mgeni ukimsimamisha uwanjani, mbele yake majani, pembeni maduka ya vinyago na picha za tingatinga, kuta zile nene za mawe ya matumbawe zimeshakuwa nyeusi kwa mvua, unamwambia hapa palikuwa mwisho wa reli anakutazama hivi, anadhani unamtania. Nimeanza kuwaambia baada ya kuona picha moja ya zamani kwa mteja, mzee mmoja Mwingereza anayekusanya picha za treni za nchi zote, alikuja Zanzibar kwa ajili ya hiyo tu, hakutaka Prison Island hakutaka Nungwi. Alitaka nimpeleke Bububu. Tukapanda gari, tukawa tunakwenda pole pole anatazama pembeni ya barabara, na kweli vipande vya tuta na vidaraja vya zamani vya reli vinaonekana mkitoka mjini kuelekea Bububu ukijua unatafuta nini. Mimi nimepita ile barabara toka mtoto nakwenda skuli na kurudi, naviona kila siku, sikuwahi kuuliza ni vya nini.

Kwa hiyo kibao naunga mkono kwa mikono miwili. Na sio kwa watalii tu, watoto wetu wa skuli wanaletwa pale kwa makundi wakaambiwe ya Wareno.

---

pwani_254

Salamu kutoka Mombasa ndugu zetu wa Unguja. Huu uzi umenifurahisha sana maana na sisi tuna yetu ya namna hiyo. Kabla ya ile reli kubwa ya Uganda kuanza 1896, ile kampuni ya Waingereza ya IBEA ilijaribu reli yake mwaka 1890, nyembamba ya inchi 24, wakatandika maili 7 (tena 7 hiyo hiyo!) pesa ikaisha, wakaacha. Vile vyuma vikang'olewa vikaletwa kisiwani Mombasa vikatandikwa barabarani, na hapo ndo kukawa na zile trolei za kusukumwa na watu. Kibehewa kidogo, juu kina paa la kuzuia jua, bwana mkubwa amekaa ndani na nyuma wanaume wawili wanasukuma mbio toka Mji wa Kale mpaka Kilindini. Zilikuwepo mpaka miaka ya 1920 magari yakazifukuza kama kwenu. Leo ukipita kule huoni hata msumari.

Lakini nyie mna bahati kwa sababu yenu ilikuwa treni yenyewe ya moshi na ilimbeba kila mtu. Yetu ilimbeba mzungu akisukumwa na babu zetu.

---

mtu_wa_malindi

@pwani_254 ahsante sana kaka, hili la maili 7 tatu zilizofuatana nitalikumbuka. Na hapo mwisho umesema jambo kubwa.

---

mchambuzi_huru

Mimi sielewi hii nostalgia. Reli ilijengwa na mabepari wa Kimarekani wauza pembe za ndovu, ikanunuliwa na serikali ya wakoloni, ikabeba mawe ya bandari ya wakoloni. Sasa tunaweka kibao cha kusherehekea nini hasa? Kuna mambo ya maana zaidi ya kukumbuka Zanzibar.

---

mtu_wa_malindi

@mchambuzi_huru hoja yako naiheshimu na sitaikimbia. Pesa ilikuwa ya Wamarekani, sawa. Na hao Wamarekani utajiri wao ulitokana na pembe zilizobebwa mabegani na watu mpaka pwani, na funguo za piano za kwao huko zilitengenezwa kwa pembe hizo, hilo lazima lisemwe na hata kwenye kibao liandikwe. Sitaki kibao cha kuwasifu.

Lakini abiria walikuwa nani? Walikuwa babu zetu na bibi zetu. Muuza muhogo wa Bububu, mwanamke anayekuja mjini kumtazama mgonjwa wake, kijana anayekwenda shamba kwa mjomba wake. Kabla ya hapo kwenda Bububu kulikuwa na njia mbili, punda au mashua kwa pwani. Bibi Salme, mtoto wa Seyyid Said aliyezaliwa Mtoni 1844 na aliwahi kukaa Bububu pia, na yeye ni binti wa mfalme mwenye kila kitu, safari zake zilikuwa hizo hizo, punda na mashua. Aliondoka Zanzibar 1866. Miaka 39 baada ya hapo mtu asiye na punda wala mashua anapanda treni Forodhani anakwenda huko huko na anarudi siku hiyo hiyo. Kwa mtu wa kawaida hayo yalikuwa mabadiliko makubwa sana, na siwezi kuyafuta kwa sababu mwenye kampuni alikuwa mgeni. Ukishika kanuni hiyo utafuta na bandari na hospitali na nusu ya mji.

---

muscat_mjini

Mie naandika toka Muscat, kwetu asili Unguja, familia ilihamia huku baada ya 1964. Nyumbani kwetu wazee walikuwa wakizungumza "gari moshi la Bububu" kama mnavyozungumza nyie daladala, na mie nikiwa mdogo nikidhani wanasema mambo ya Bara au ya Mombasa. Kumbe ni lenyewe. Wengi waliolipanda wameshatangulia mbele ya haki lakini watoto wao wapo, wako huku Oman, wako Dubai, wako Uingereza, na wana maalbamu ya picha makabatini. Nashauri uombe picha, huenda zikatoka zaidi huku kuliko huko.

---

mtu_wa_malindi

@muscat_mjini Allah akuzidishie. Hapo umenipa kazi. Jamani wote mlioko nje mkiwa na picha za zamani za Malindi, Forodhani, Saateni, Mtoni, Bububu, tazameni chini ya picha, tazameni ardhini, mara nyingi mpiga picha alikuwa anapiga nyumba au watu na reli imeingia kwa bahati. Tupieni humu, ficheni sura za watu wenu kama hamtaki zionekane, mie nataka kuona chuma.

---

pugu_road

Mkuu nina swali jingine. Hiyo njia ilipita wapi na wapi? Nakuja huko mwezi wa pili kwenye Busara na safari hii sitaki kukaa tu Forodhani kula urojo, nataka niifuate reli.

---

mtu_wa_malindi

@pugu_road karibu sana, na hii ndo inanifurahisha kuliko yote.

Anza Ngome. Simama nje upande wa bahari, Beit al Ajaib iko ubavuni mwako, au niseme kilichobaki, maana Desemba 25 mwaka 2020 upande mmoja uliporomoka na mpaka leo ukilitazama moyo unauma. Jengo hilo 1911 lilikuwa ndo limegeuzwa ofisi za serikali, mwaka ule ule serikali iliyonunua reli, kwa hiyo wenye kuiendesha serikali na kituo cha treni walikuwa majirani wa ukuta kwa ukuta.

Kisha nenda kaskazini kwa miguu mpaka Malindi. Hapa usiwe na haraka, tazama mitaa ilivyobana, jaribu kuitia treni akilini mwako. Ukitoka Malindi unaingia upande wa Funguni na Saateni. Ukifika hapo panda daladala nambari 502 kwa sababu ndo inakwenda Bububu. Mimi kwangu 502 ni mrithi wa gari moshi, abiria wale wale, safari ile ile, mtu wa shamba anakuja mjini na mtu wa mjini anakwenda kupumua.

Ukae upande wa kushoto, bahari itakuwa huko. Utapita Maruhubi, pale lilipokuwa jumba la Barghash lililoungua 1899, kwa hiyo abiria wa 1905 na wao walilikuta ni gofu kama utakavyolikuta wewe, zile nguzo nyeupe nene zimesimama peke yake. Mbele yake Mtoni, jumba la Seyyid Said, kongwe kuliko yote. Mbele tena Kibweni, na hili ndo lenye utamu, kwa sababu jumba la Kibweni limejengwa 1915, Seyyid Khalifa bin Harub akitawala, treni ilikuwa hai bado, abiria walikuwa wakiyaona majengo ya wafalme matatu kwa safari moja, moja likiwa limechakaa, moja limeungua na jingine ndo kwanza linapakwa chokaa.

Baada ya hapo ndo ukodoe macho pembeni ya barabara kama dada_wa_forodhani alivyosema. Ukiona tuta la udongo limenyooka bila sababu, majani yameota juu, au kidaraja cha mawe kisicho na njia juu yake, hicho ndicho. Bububu shuka. Kuna chemchem zile zilizowapa maji watu wa mjini tokea enzi za Barghash. Ukiuliza wazee wa pale kwa adabu watakukaribisha kahawa.

---

dada_wa_forodhani

@pugu_road ukifika nitafute humu humu inbox, sitakutoza. Na wewe mwanzisha uzi andika hiyo barua ya kibao, kurasa moja tu, tarehe zile nne, 1905, 1911, 1922 na ile ya mawe ya bandari. Mimi nitakusanya sahihi za watembezaji wenzangu, na wenye maduka ya mle Ngome nao nitawapitia maana kibao kitawaletea wateja.

---

kibaraza_mkunazini

Nimekubali hoja ya depo na stesheni. Niwekeeni sahihi yangu. Ila Bububu kibao kiwekwe kwa Kiswahili kwanza halafu lugha nyingine chini, isiwe kama vile vya mjini.

---

mtu_wa_malindi

Barua naiandika wiki hii nitaiweka humu muisome kabla ya kuipeleka. Kiswahili juu, nimesikia, na sitaki herufi ndogo. Na jina naliandika walivyolitaja wazee wa @muscat_mjini, GARI MOSHI LA BUBUBU. Picha endeleeni kutuma.